Mzizi Mzima

Caiqin alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anakata mizizi ya danggui. Kisu chake kilikuwa kifupi, mpini umeviringishwa kitambaa, na mbele yake palikuwa na matenga matatu: la vichwa, la miili na la mikia. Mizizi ilikuwa imeshushwa kutoka darini asubuhi hiyo, imekauka vizuri kwa moshi wa kuni za mierebi, na harufu yake ilikuwa imeingia kila mahali, hata kwenye mito ya kulalia. Mama mkwe wake, Mama Lan, alikuwa ameegemea ukuta akiota jua. Ndipo lango likasukumwa, akaingia Shuanzhu, mume wa Caiqin, aliyekwenda kufanya kazi kwenye mgodi wa makaa kule kaskazini na ambaye tangu majira ya joto hakuwa ameleta habari yoyote.

Alikuwa yeye kuanzia utosini mpaka kwenye kola ya koti. Chini ya kola hapakuwa na kitu. Koti lilikuja limesimama wima, mikono yake mitupu ikining'inia, na chini ya pindo waliweza kuwaona kuku wakidonoa upande wa pili.

“Umekonda,” Mama Lan alisema.

“Chakula cha kule kibaya, mama.”

“Si nilikwambia? Ingia ndani, upepo huu utakupeperusha.”

Caiqin aliweka kisu chini. Alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama mumewe kutoka juu mpaka pale alipoishia. Hakulia. Alikwenda jikoni kuchochea moto, na huko ndiko alikolia, kwa kuwa moshi ulimpa kisingizio.

Kwetu huku kwenye bonde la mto Tao, danggui ndiyo shamba na ndiyo dawa. Jina lake maana yake ni “sharti urudi”. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa danggui kwa nyama ya kondoo na tangawizi, na msichana anayeumwa na siku zake hupewa, na mzee aliyepauka midomo naye hupewa. Lakini hata mtoto wa kwetu anajua kwamba mzizi huu si dawa moja. Kichwa huzuia damu. Mwili hulisha damu. Mkia huisukuma itembee. Ukimpa mkia mtu anayevuja damu utamwua, na ukimpa kichwa mtu ambaye damu imemganda tumboni, utaifungia humo humo.

Tena, yeyote anayesafiri hushonewa danggui kwenye kola, ili njia ya nyumbani isimpotee. Siku Shuanzhu alipoondoka, ndani ya nyumba ulikuwa umebaki mzizi mmoja tu. Mingine yote ilikuwa imekwenda sokoni kwa bei ya kutupa. Na Caiqin alikuwa kitandani. Mimba yake ilikuwa imetoka, damu mbaya imemganda tumboni na nzuri imemwishia, uso umekuwa mweupe kama unga. Mama Lan alifanya aliloona ni busara. Aliukata mzizi. Kichwa alikishona kwenye kola ya mwanawe, maana mgodini watu huumia. Mwili na mkia akamchemshia mkwewe. Caiqin alikunywa, akanyanyuka, akapata rangi. Hakuna aliyekosea kipimo. Walisahau tu kwamba kinachopaswa kurudi ni kile kilichotumwa.

“Kwa hiyo mimi ndiye niliyekunywa hayo mengine,” Caiqin alisema jioni ile, walipokwisha kuelewa.

“Ulikuwa mgonjwa,” Shuanzhu alisema.

“Nilikunywa kifua chako. Nilikunywa miguu yako.”

“Ilikuwa na ladha gani?”

“Chungu.”

“Basi kweli ilikuwa yangu.”

Ndivyo alivyokuwa akimtania tangu siku ya harusi. Caiqin alicheka, halafu akalia tena, na mara hii hapakuwa na moshi wa kusingiziwa.

Wakazoea. Mchana koti lilikaa kwenye kiti chenye mgongo mrefu ili kichwa kipate pa kuegemea. Caiqin alimlisha mchuzi kwa kijiko, na kwa kuwa mchuzi ulipita kooni ukatokea kwenye bitana, aliweka bakuli chini ya kiti. Usiku alimlaza upande wake kwenye kitanda cha matofali chenye moto chini. Koti lilipata joto kama koti lolote. Caiqin akinyoosha mkono kumkumbatia, mkono ulizama mpaka kwenye mkeka.

Fengying, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja mbio akiwa amejikata kidole kwa kisu cha kabichi. Shuanzhu aliinamisha uso karibu, na damu ikakatika. Habari hiyo ikatembea, na tangu siku hiyo watu walikuja na watoto wanaotokwa damu puani, na wanaume waliojikata kwa majembe, wakakaa kidogo mbele ya kiti, wakapona, wakaacha mayai mezani.

“Una bahati, Caiqin,” Fengying alimtania. “Mume asiyevaa suruali! Wangu anachafua mbili kwa siku.”

“Niletee hizo mbili nifue,” Caiqin alisema.

Fengying akaondoka na utani wake.

Kilichotokea mgodini Shuanzhu alikisimulia mara moja tu, wakati wanawake wanamenya viazi. Paa la njia ya tatu liliporomoka. Yeye na wenzake kadhaa hawakufa; walibaki nyuma ya kifusi, wakawa wanagonga bomba kwa mawe. Wenye mgodi walisikia. Lakini wakaguzi walikuwa njiani, na njia hiyo ya tatu haikuwa na kibali. Kwa hiyo waashi waliitwa, mdomo wa njia ukazibwa kwa matofali na saruji, na ukuta ukapakwa vumbi la makaa ili uonekane wa zamani.

“Tuligonga mpaka saruji ikakauka,” alisema. “Baada ya hapo wao hawakusikia tena. Sisi tukaendelea kugonga kidogo, maana hatukuwa na kazi nyingine.”

Mama Lan alikuwa na kiazi mkononi. Alikimenya mpaka kikaisha.

Sasa, danggui iliyokatwa haikai milele. Hukauka, harufu huitoka, na harufu ikishatoka hakuna cha kuirudisha. Unabaki na kijiti. Baridi ilipoingia, masikio ya Shuanzhu yalianza kuwa mepesi kama ganda la kitunguu, na sauti yake ikawa inakwaruza. Na kwetu mtu nusu hazikwi makaburini pa ukoo. Babu yake mmoja aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kukatia majani alizikwa na vidole vya mti wa msonobari, na bado watu wanasema hajatulia. Kichwa peke yake wazee wa chini ya ardhi wangekikalisha wapi?

“Nizikeni na maboga,” Shuanzhu alisema. “Tutajazana.”

“Acha,” Caiqin alisema. “Mimi nakutaka mzima.”

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, akikunja nguo, lakini hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake, na halikumpa usingizi. Alimtaka mzima, amwoshe mikono na miguu, amvike viatu, amlaze ardhini kama watu wanavyolazwa. Alichagua mzizi mpya kutoka shamba lile lile, akakata kichwa akakiweka kando, mwili na mkia akavitia mfukoni, vikaite sehemu iliyobaki nyuma ya ukuta. Akamvalisha mumewe skafu, wakaenda stesheni.

Kwenye treni kondakta alimpima Shuanzhu kwa alama ya watoto iliyochorwa mlangoni. Koti alilishika kwa adabu, akalishusha mpaka pindo likagusa sakafu. Kichwa hakikufika kwenye alama.

“Huyu hahitaji tiketi,” alisema. “Mpakate tu, dada, viti vimejaa.”

Caiqin alimpakata mpaka kaskazini.

Meneja Tan wa mgodi aliwapokea vizuri. Hakushangaa, mwenye mgodi huona mengi. Alimmiminia Caiqin chai, kisha akamgeukia Shuanzhu.

“Nawe ningekupa kikombe, lakini mkono mtupu haulambwi, sivyo?” akacheka, na mlinzi aliyesimama nyuma yake akacheka pia.

Caiqin alieleza. Nyuma ya ukuta, kwenye njia ya tatu, kulikuwa na mume wake aliyebaki. Hakuja kumshtaki mtu. Aliomba tundu tu, la kupitisha mtu, au hata la kupitisha mzizi.

“Mgodi huu una njia mbili,” Meneja Tan alisema.

“Mimi nilikuwa kwenye ya tatu,” Shuanzhu alisema.

“Nani anasema ulikuwa mfanyakazi wetu?”

“Mimi hapa. Si ulinipa sigara siku ile ya sikukuu, bosi? Ukaniambia nisivutie ndani.”

“Sigara nagawa hata kwa wapita njia. Kila aliyeajiriwa hapa aliweka dole gumba. Basi weka dole gumba hapa tulilinganishe. Likilingana, ukuta naubomoa kwa mkono wangu mwenyewe.”

Wote waliutazama mkono wa koti.

“Dole gumba liko nyuma ya ukuta,” Caiqin alisema.

“Likitoka, lilete.”

“Litatokaje bila kubomoa?”

“Mama, maneno yako hayana kichwa wala miguu.”

“Kichwa yanacho,” Shuanzhu alisema. “Miguu ndiyo unayo wewe.”

Meneja Tan alicheka kwa moyo, mpaka akafuta machozi, kwa kuwa alikuwa mtu anayependa utani mzuri. Aliagiza dereva awafikishe stesheni bila kuwatoza. Na hayo ndiyo yakawa majibu yake.

Getini Caiqin alikataa kupanda gari. Alimwomba mlinzi amwache ashuke chini peke yake, hata kwa muda wa kunywa chai. Alipiga magoti kwenye vumbi la makaa. Mfa maji haishi kutapatapa, na siku ile alimshika mlinzi miguu, akamwita kaka, akamwita baba.

“Dada, inuka, utachafuka,” mlinzi alisema. Hakuwa mtu mbaya. “Mwanamke haingii chini. Akiingia paa huporomoka.”

“Lilishaporomoka.”

“Ndiyo maana tunajihadhari.”

Waliporudi nyumbani wakasimulia, aliyekuwa amekaa mezani akisikiliza alikuwa Yinsuo, mdogo wake Shuanzhu. Kijana mkimya, hodari wa kufunga mizigo, jina lake maana yake kufuli la fedha, maana Mama Lan aliwapa wanawe majina ya kuwafungia nyumbani: wa kwanza nguzo ya kufungia, wa pili kufuli. Majina hayo hayakuwasaidia wote wawili.

“Lori la kuchukua vibarua linakuja baada ya sikukuu ya taa,” Yinsuo alisema. “Ni la mgodi ule ule. Mfanyakazi hakatazwi kushuka.”

“Nina mwana mmoja na kichwa kimoja,” Mama Lan alisema. “Hesabu hiyo inanitosha.”

“Nafika ukutani tu, mama. Natoboa, napenyeza mzizi, narudi.”

“Usiende, bwana mdogo,” Shuanzhu alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. “Kugonga kunachosha.”

“We nyamaza, huna hata kifua cha kubishana nami.”

Wakacheka wote isipokuwa Mama Lan. Kisha wakamgeukia Caiqin, kwa kuwa Yinsuo alikuwa akimsikiliza shemeji yake kuliko mtu yeyote. Neno moja lingetosha. Alilijua hilo neno, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini masikio ya mumewe yalikuwa yameanza kupitisha mwanga wa taa, naye alimtaka mzima. Alisema, “Lete koti lako nikushonee.”

Mara hii hakukata. Aliuchukua mzizi mkubwa kuliko yote, akaushona kwa urefu wake wote ndani ya koti la Yinsuo: kichwa kwenye kola, mwili mgongoni, mkia ukashuka mpaka kiunoni, na vijizizi vyote vidogo akavipanga kimoja kimoja visivunjike. Kwenye pindo alishona ule mwili na mkia aliorudi nao, sehemu ya Shuanzhu. Mama Lan alimshikia taa.

“Nanukia kama mchuzi,” Yinsuo alisema alipolivaa. “Wenzangu watanitafuna kabla hatujafika.”

Lori lilimchukua pamoja na vijana wengine wa bondeni.

Viazi vilikuwa vimeanza kutoa maua siku Caiqin alipokuwa akimlisha mumewe tambi, na mkono wa kulia wa koti ukaanguka mezani kwa kishindo, ukapindua bakuli. Ndani yake kulikuwa na mkono. Ulikuwa wake, wenye kovu la mundu, na kucha zote zilikuwa zimeng'oka. Caiqin aliuchukua akauweka shavuni. Hawakuzoa tambi. Mkono wa kushoto ulikuja, kisha mabega yakainua koti, na jua lilipokuwa linapungua uani, tayari kulikuwa na miguu miwili chini ya kiti, mmoja umevaa buti, mwingine mtupu.

Caiqin alilaza sikio kwenye kifua chake. Kilikuwa kimya, baridi, lakini kilikuwa kipana vile vile.

“Nimefurahi,” alisema. “Nimefurahi mpaka naona aibu.”

Shuanzhu alimshika kichwa kwa mikono yote miwili. Hakumtania.

Mama Lan hakuingia ndani kumtazama mwanawe. Alielewa kama wote walivyoelewa: mwili umefika, kwa hiyo kuna mtu aliyefika ukutani. Alichukua kigoda chake akakipeleka langoni, akakaa akitazama barabara. Chakula alipelekewa pale pale, akakiacha kikapoa.

Yinsuo alikuja mchana kweupe, kwa miguu, bila haraka, vumbi la makaa limemkaa kwenye kope. Mama Lan alisimama. Alimtazama nywele, paji la uso, shingo, kiuno, magoti, viatu. Alimpapasa mabega, akashuka na mikono mpaka kwenye vidole, akavihesabu. Vilikuwa vyote. Vilikuwa baridi kama viazi vilivyotolewa shimoni.

“Umerudi mzima,” alisema.

“Mzima, mama.”

“Kabisa?”

“Hata kofia.”

Mama Lan alikaa chini, kwenye mavumbi ya langoni, kigoda kikiwa kando yake. Caiqin alitoka mbio ndani, akafika mlangoni, akamwona shemeji yake, akaona jinsi koti lilivyomkaa vizuri kuanzia kola mpaka kiunoni. Alitaka kusema nisamehe, ila alijua kwamba akisema, Yinsuo atajibu kwamba hakuna neno, na hilo asingeliweza.

Yinsuo alieleza wakati anavua viatu. Alitoboa tundu la ukubwa wa bakuli, akaupenyeza mzizi, akamsikia kaka yake akisimama upande wa pili. Ndipo paa likashuka, upande wake na upande wa wenzake. Nao waligonga. Waashi waliitwa. Ukuta wa safari hii umesogezwa mbele zaidi, wa kisasa, umepakwa chokaa nyeupe.

“Sasa wanasema mgodi una njia moja,” alisema.

Siku njema ya mazishi kwa mujibu wa kalenda ilikuwa mbali bado, kwa hiyo ndugu hao wawili walikaa kwenye benchi ukutani, pale Mama Lan alipokuwa akiota jua, mikono magotini, wakingoja. Hawakula na hawakusumbua. Caiqin aliwaosha wote wawili, mikono na miguu, kama alivyotaka, na maji yakawa meusi kila mara. Watoto wanaotokwa damu puani waliacha kuletwa, maana Shuanzhu sasa alikuwa na kichwa, mwili na mkia, na dawa iliyokamilika haizuii wala haisukumi, inasawazisha tu.

Vuli ilipofika, danggui ikachimbwa, ikapandishwa darini, ikakauka. Lori nalo likaja. Fengying aliingia uani, akasimama karibu na kigoda cha Caiqin, akachezea kidole chake chenye kovu.

“Nataka mzizi wa mwanangu Haisheng,” alisema. “Usikate.”

“Fengying, usimwache aende.”

“Halafu ale nini?”

Bei ya danggui ilikuwa ile ile ya kutupa. Kupitia langoni waliliona lori, na vijana wakilizunguka wakisukumana na kutaniana, makoti yao yamewakaa mazito mgongoni; mama zao walikuwa wameshapita nyumba nyingine. Kijiji kizima kilikuwa kimeacha kukata. Kisu cha Caiqin kilikuwa kimeingia kutu kwenye dirisha, na katika matenga matatu lilikuwa limebaki moja.

“Huu hapa,” Caiqin alisema.

Fengying aliugeuza mzizi huku na huku. “Mkia wake mfupi.”

“Chukua huu basi.”

“Na vijizizi vyote, tafadhali. Vidole visije vikapotea.”

Aliketi na koti la Haisheng magotini, akisubiri ushonwe. Kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, na hakuwa amewasalimu wenyeji, aligeukia benchi.

“Wazima humu?”

“Wazima,” ndugu wawili walijibu kwa pamoja.

Barabarani dereva wa lori alipiga honi. Caiqin alilowesha uzi kwa ulimi, akautunga kwenye sindano.